Mjusi Ndani ya Laptopu

Mara ya kwanza kuisikia ile sauti nilidhani ni mjusi kafiri. Dari letu limejaa mijusi, na usiku wakianza kugonga ndimi zao, kt, kt, kt, hakuna anayeshtuka. Lakini hii ilikuja saa nne asubuhi, Julai 2024, msimu wa kuomba mikopo ya chuo, vijana wamejipanga mlangoni mwa stesheneri yangu Ngamiani, hapa Tanga, na vyeti vyao vya kuzaliwa kwenye bahasha za kaki. Nikatazama juu. Hapakuwa na kitu. Sauti ilitoka chini ya kiganja changu cha kushoto, pale ninapoegemeza mkono nikichapa.

Laptopu ile niliinunua mkononi kwa mtu mwaka 2014, nami nikaifanyisha kazi ya punda. Barua za maombi, mikataba ya nyumba, kadi za harusi, taarifa za mirathi, picha za pasipoti, mitihani ya madrasa. Kila kazi niliyomaliza niliiacha humo humo, ndani ya folda niliyoipa jina WATEJA, mwaka kwa mwaka. Sikuwa na mpango wowote. Ni kwamba watu wa mtaani walishazoea kurudi. Anakuja bibi, anaketi kwenye benchi, anavuta pumzi: "Mwanangu, ile barua yangu ya mwaka juzi bado unayo?" Nami huwa ninayo.

Dalili zilikuwapo wiki tatu nzima kabla ya ile sauti. Kuwaka tu kulichukua dakika kumi na mbili. Nilikuwa nabonyeza swichi, nafunga mlango wa kioo, naenda kunywa kahawa na kashata pale barazani kwa wazee, nikirudi ndiyo kwanza inaonyesha picha ya mbele. Nililaumu virusi. Nikalaumu vumbi, kisha joto, kisha hii hewa yetu ya chumvi inayokula hadi bawaba za milango. Hadidiski, ile inayohifadhi mafaili yote, sikuitilia maanani, kwa sababu mafaili yalikuwa bado yanafunguka.

Siku ile ya mjusi nilifanya makosa mfululizo. Laptopu iliganda, nikaizima kwa nguvu na kuiwasha upya, mara tano. Kijana mmoja kwenye foleni, anayesomea mambo hayo, akaniambia kuna amri ya Windows ya kukagua diski na kuitengeneza, chkdsk. Jioni nikaiendesha, nikaiacha usiku kucha. Alfajiri ilikuwa imefika asilimia 11, na ule mlio uliokuwa ukija mara moja moja sasa unakwenda bila kupumzika.

Jirani yangu wa duka la pili ni mzee anayetengeneza redio tangu sijazaliwa. Alikuja kuazima gundi, akasimama, akatega sikio.

"Hiyo unaifanya nini?"

"Naikagua, mzee wangu. Nione kama ni nzima."

"Mtu anaumwa moyo, wewe wampeleka uwanja wa Mkwakwani akimbie raundi kumi ndiyo ujue kama anaumwa? Izime."

Nikaizima. Hilo ndilo jambo la maana kuliko yote niliyofanya katika mkasa huu, na halikuwa wazo langu.

Nilipokuja kuelewa baadaye, nilitamani angekuja siku moja mapema. Ndani ya hadidiski ya zamani kuna visahani vinavyozunguka, vya laptopu nyingi ni mizunguko 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea bila kugusa. Sehemu ikishaharibika, kichwa kinarudi nyuma na kujaribu tena, kinarudi, kinajaribu. Ndiyo kt, kt, kt. Amri ya ukaguzi niliyoipa ilikuwa inakilazimisha kipite kila sehemu ya kisahani, nzima na mbovu, na ing'ang'anie zaidi pale palipo pabovu. Kila dakika ya kazi ile ilikuwa inakula uhai uliobaki.

Kwa nini sikuipeleka kwa fundi? Kwa sababu ya mwaka 2017. Dada yangu aliipeleka laptopu yake kwa fundi mmoja, jina lake silitaji, akairudisha kesho yake inawaka kama mpya. Kweli ilikuwa kama mpya: tupu. Alifomati. Picha za mwanawe wa kwanza tangu leba hadi anaanza chekechea zilikwenda. Nimeshamkasirikia sana yule fundi, ila siku hizi nafikiri alifanya kile alichoambiwa. Dada alisema, "Haiwaki, nitengenezee." Akatengeneza. Hakuna aliyemwambia kuwa mashine si kitu, kitu ni vilivyomo.

Mpwa wangu yuko chuo Dar es Salaam, na bahati alikuwa likizo. Alikuja na baiskeli kutoka Mikanjuni na fleshi mfukoni. Aliniuliza kama niliwahi kuitazama hali ya diski. Nikamwonyesha picha niliyoipiga kwa simu wiki moja nyuma, nilipopakua programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Ilikuwa na kibox cha njano, na kwenye mstari wa sekta zinazosubiri hukumu, yaani vile vipande vya diski ambavyo imeshindwa kuvisoma na haijaamua ifanye nini navyo, palikuwa na 138. Nilijifariji kwamba 138 kati ya mamilioni si kitu.

"Mjomba, hiyo programu inahesabu kwa 16, siyo kwa 10," akasema. "Hiyo ni 312. Na ingekuwa hata tano, bado ungetakiwa uwe umeshanakili."

Tukabishana. Mimi nilitaka tuiwashe, tuchague vya maana, WATEJA ya miaka miwili ya mwisho na fomu za vijana, basi. Yaliyobaki nani anayahitaji? Folda ya picha za pasipoti ilikuwa kubwa kuliko zote, na nyuso zenyewe zimeshazeeka. Yeye akasema kuchagua ni kazi ya baadaye, ukiwa umekaa na chai yako mbele ya diski nzima. Diski mgonjwa hujui itaamka mara ngapi, kwa hiyo ikiamka unachukua yote, kwa safari moja, kuanzia mwanzo wa kisahani hadi mwisho, bila kuuliza hili faili gani.

Tulikubaliana nusu. Fomu za vijana waliokuwa wakisubiri kwenye foleni zilikuwa ndogo na ziko sehemu moja, tukazichukua kwanza kwenye fleshi. Kisha tukaizima, na safari hii hatukuiwasha tena kwa Windows. Windows ikiwaka inaandika vitu kwenye diski kila mara, hata wewe ukiwa umekaa kimya. Tuliiwasha kwa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, iliyokuwa kwenye fleshi ya mpwa, hadidiski ikabaki pembeni kama mgonjwa anayepimwa bila kusumbuliwa.

Tulihitaji pa kuweka mzigo. Dada yangu wa Chumbageni ana diski ya nje ya TB 1, ndiyo iliyobeba video za harusi yake. Alinipa kwa masharti. "Ukinifutia harusi yangu mimi na wewe hatuzikani." Nafasi iliyobaki ilitosha kwa kubana.

Programu tuliyotumia inaitwa ddrescue. Ni ya bure, haina madoido, maandishi meupe kwenye weusi. Ila ina akili ya mvuvi mzee. Inapita kwanza mahali penye samaki wepesi: sehemu nzima zote inazinakili haraka, ikikuta jiwe inaruka, inaweka alama, inaendelea. Ikishamaliza wepesi ndiyo inarudi kwenye mawe, moja moja. Ile amri niliyoiendesha mimi ilifanya kinyume, ilishika jiwe la kwanza na kukaa nalo usiku mzima. Na ina jambo jingine ambalo kwa mtu wa kwetu lina thamani ya dhahabu: inaweka daftari. Kila ilipopita inaandika, hapa nimechukua, hapa bado, hapa pamekataa. Mpwa alihakikisha daftari lile linaandikwa kwenye diski ya dada, maana Linux ya kwenye fleshi ukiizima husahau kila kitu.

Saa saba usiku umeme ukakatika.

Betri ya laptopu yangu ilikuwa pambo tu, haikai dakika moja. Skrini ikafa. Nilikaa gizani nikisikiliza jenereta ya jirani ikivutwa kamba, nikawaza kwamba basi, ndiyo mwisho, tumeiamsha bure. Mpwa alikuwa amelala kwenye mkeka, hata hakuinuka. "Ukirudi tutaendelea pale pale," akasema, akajifunika shuka. Ulirudi saa kumi na nusu. Akaandika amri ile ile, programu ikasoma daftari lake, ikaanza pale ilipoachia. Sijui kama vijana wa leo wanajua tunavyowatazama wakifanya mambo kama hayo.

Mchana ikawa imemaliza sehemu nzima. Ikaingia kwenye mawe, ikayakwangua hadi siku ya pili jioni. Kati ya GB 500, zilizokataa kabisa zilikuwa MB 38. Tukachomoa, tukaiweka diski ya dada juu ya kabati, mbali na watoto. Tangu hapo sikuwa na wasiwasi tena na laptopu, hata kama ingewaka moto.

Kununua diski mpya nilikosea tena. Nilitaka SSD, ile isiyo na kisahani wala kichwa. Mtu mmoja alikuwa anauza kwa picha za simu, TB 2 kwa bei ambayo wengine walikuwa wanauzia robo yake. Nikalipa, kifurushi kikaja kwa basi, nikakifuata stendi ya Kange. Kilikuwa chepesi mno, lakini SSD zote ni nyepesi, kwa hiyo hilo halikuniambia kitu. Kompyuta ya kuazima ilionyesha TB 2 bila kupepesa. Mpwa akaweka programu ya H2testw, ambayo kazi yake ni kuijaza diski hadi pomoni na kuyasoma tena iliyoyaandika. Ilipopita GB thelathini na kitu, yaliyofuata yote yalirudi takataka. Diski yenyewe ndogo, imefundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa wake: unaandika, inapokea, inatupa. Kama ningeweka kazi za watu humo ningegundua siku ya kuzihitaji. Nilimtumia muuzaji picha ya matokeo, akarudisha pesa kasoro nauli ya kifurushi, na diski ikapanda basi la mchana. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Hiyo ndiyo niliyoiona ikitimiza neno kwa usahihi.

Ya pili nilinunua dukani mjini, GB 480, shilingi laki moja na ishirini, nikaipima mbele ya muuzaji. Alinuna kidogo, akazoea.

Hapo tena tukakwama. Nilitegemea tutaimwaga ile nakala nzima kwenye diski mpya, laptopu iwake vile vile ilivyokuwa, na picha ya mbele ile ile ya bahari ya Raskazone. Lakini nakala ni ya GB 500 na ndoo ni ya 480. Na hata hizo namba ni za kwenye boksi tu. Viwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo 500 utaiona ni 465, na 480 utaiona ni 447. Kuna njia ya kulipunguza eneo la diski kwanza ndipo unakili, na kwa diski nzima ningeifanya, kisha programu kama Clonezilla ingemaliza kazi. Kwa nakala iliyotoka kwa mgonjwa, yenye MB 38 za matundu na hujui matundu yameangukia wapi, mpwa alikataa. Akasema Windows iliyotoboka ni bora isiletwe nyumba mpya. Tuweke Windows safi, halafu turudishe mafaili tu.

Kuifungua laptopu nilifanya mwenyewe, niliona hiyo angalau niiweze. Nilichomoa chaja, nikatoa betri, nikabonyeza swichi sekunde kumi na tano umeme uliobaki ujimalize. Nikachukua trei ya mayai, kila skrubu nikaiweka kwenye shimo lake kwa mpangilio wa zilivyokaa, maana hazilingani urefu, na ndefu ukiichoma pa fupi unatoboa cha juu yake. Mbili zilikuwa na kutu ya chumvi, bisibisi inateleza tu. Kwa hizo niliweka kipande cha mpira wa kufungia noti juu ya kichwa cha skrubu, nikakandamiza na kuzungusha polepole, zikakubali. Moja ikanichelewesha nusu saa nzima. Kifuniko hakitoki, navuta huku, nabembeleza kule, nimeshaanza kuhisi plastiki inalia. Mzee wa redio akapita, akapapasa kwa kidole juu ya stika, akakuta shimo. Skrubu ilikuwa chini ya stika.

Hadidiski yenyewe ilikuwa kazi ya dakika mbili. Inateleza kutoka kwenye soketi yake kama kaseti. Ila imevaa fremu ya bati ubavuni, na mimi nilikuwa nimeshaitupa diski kuukuu na fremu yake kwenye boksi, nikashangaa mpya inacheza cheza haikai. Fremu lazima uihamishe. Na mpya ni nyembamba, milimita 7, ya zamani ilikuwa 9.5, kwa hiyo nikaongezea kile kipande cha plastiki kilichokuja nayo kwenye boksi.

Nilipofunga, kwenye trei ilibaki skrubu moja. Nilihesabu mashimo, yote yana vyake. Nikaiweka mfukoni.

Windows 10 iliingia, ikaunganishwa na intaneti, ikajitambua yenyewe bila kuniomba namba, kwa sababu leseni ilikuwa imeandikishwa kwa ubao mama, ule ubao mkuu wa ndani ya mashine, wala si kwa diski. (Msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na mashine ya umri ule haikidhi masharti ya Windows 11. Hiyo ni vita nyingine, nimeianza na sijaimaliza.) Inawaka kabla sijamaliza kufungua madirisha. Wazee wa barazani waliniuliza mbona siku hizi sionekani kwenye kahawa.

Nilidhani kurudisha mafaili ni kunakili tu, nilale. Kumbe kuna vitu vya kazi ambavyo havikai kwenye folda zako. Kadi ya kwanza ya harusi niliyoifungua, Bismillah ya juu iliyokuwa imechorwa vizuri kwa Kiarabu ilikuwa imegeuka mwandiko mwingine kabisa, nembo zimekuwa vijumba vitupu. Fonti zangu za miaka kumi zilikuwa zinakaa ndani ya Windows yenyewe, folda ya Fonts. Zilikuwapo kwenye ile nakala nzima, nikazifuata huko. Kama tungechukua WATEJA peke yake nilivyotaka, zingekwenda, na nyingine hata sikumbuki nilizitoa wapi. Nywila nilizozihifadhi kwenye kivinjari zilikataa kuhama, nikakaa siku nzima nikibonyeza "nimesahau". Na mafaili kumi na tisa yalikuwa kwenye pipa la taka, mengine nayahitaji hadi leo. Mtu mwenye akili hahifadhi vitu kwenye pipa la taka. Mimi nilikuwa nafanya hivyo.

Septemba alikuja mzee mmoja mwenye shamba upande wa Pongwe. Alinunua mwaka 2016, mkataba tulichapa kwangu, muuzaji ameshafariki na watoto wake wanadai baba yao alikodisha tu. Nakala ya mzee ililiwa na mchwa.

"Mwanangu, ile karatasi bado unayo?"

Ilikuwapo, kwenye mwaka ambao mimi mwenyewe nilisema hauna haja. Nilimweleza ukweli: nilichonacho ni maneno niliyoyachapa, saini hazimo, zilikuwa kwenye karatasi. Akasema saini baadaye, nimsomee mashahidi. Nikamsomea majina manne. Alisimama kwenye la tatu. "Huyo yuko Duga, hai." Akaondoka na karatasi yake, hata chenji hakusubiri.

Nilifurahi, na usiku sikulala vizuri. Kama mimi ninaweza kufungua faili la miaka minane na kusoma nani aliuza nini kwa nani, mbele ya nani, mtu yeyote atakayeiba laptopu hii anaweza. Humo mna namba za vitambulisho vya taifa, za NIDA, za watu, tarakimu 20 kila moja, mna vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mna barua ambazo waume hawazijui. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, nami nilikuwa nimeisikia redioni nikadhani inawahusu wenye benki. Siku hizi mteja akilipa namuuliza, "Nikuwekee au nifute?" Wengi wanasema niwekee. Wachache wanasema futa, na hao nafuta mbele ya macho yao, na pipa la taka namwaga. Nakala ya pili ya waliosema niwekee inakaa kwenye diski nyumbani, Makorora, imefungwa kwa nywila, naisasisha kila Ijumaa asubuhi.

Ikabaki ile diski kuukuu, kwenye boksi la viatu chini ya meza. Mtu aliniahidi elfu kumi, anazinunua za kutengenezea. Nilikuwa nakaribia kukubali. Kuifomati hakusaidii sana, ufomati wa haraka unafuta orodha tu, vitu vinabaki, na yangu ilikuwa mbovu kiasi kwamba hata kuifuta kwa dhati isingekubali. Nikaipeleka kwa mzee wa redio. Tukaifungua kwa bisibisi yake ya nyota. Ndani kisahani kinang'aa kama kioo cha kujitazamia, hata wekundu wa macho yangu niliuona. Nikakaza nyundo kwa nguvu, nikidhani ni bati litakalopinda. Kilipasuka vipande, vikaruka hadi kwenye mlango wa duka la mitumba. Kilikuwa kioo kweli, kilichopakwa tu, na diski nyingi za laptopu ndivyo zilivyo. Tuliokota na kufagia robo saa, na ningewashauri wengine wafunge diski kwenye gunia kwanza.

Mzee hakutaka malipo. Alitaka sumaku, zile mbili ndogo za pembeni ya kichwa cha kusomea, zenye nguvu ya kutisha kwa ukubwa wake. Moja ameigandisha kwenye ukingo wa meza yake, huhifadhia skrubu anazozifungua zisidondoke. Juzi nilipita, nikatoa ile skrubu yangu moja mfukoni nikaisogeza. Iliruka yenyewe kutoka kwenye vidole, ikaganda katikati ya za redio.

"Hii ya wapi?" akauliza.

Nikamwambia sijui bado.